Barazani kwa Bibi: "Binti yangu ananisahihisha Alhamdu"

Barua za safari hii karibu zote ni za watoto na dini. Nadhani ni kwa sababu shule zimefungwa, watu wanashinda na watoto wao nyumbani, wakashtuka kugundua kwamba watoto wana akili. Zipo pia mbili za kugombea mikorosho ya urithi. Hizo nimezirudisha kwa wenyewe, waende Baraza la Kata, mimi si hakimu.

Kwa msomaji mgeni: mimi ni Mwislamu wa Mikindani, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na jioni nasomesha chuo cha Qur'ani hapa barazani pangu. Sekondari nilisoma kwa masista, ndiyo maana Wakristo nao huniandikia bila kuona haya. Hukumu za fikihi waulizeni masheikh, na za Kanisa waulizeni mapadri. Hapa tunazungumza kama watu wa nyumba moja.

Bibi, asalaam aleikum na shikamoo. Mimi ni mvuvi wa Mchinga, nina mke na watoto wanne. Binti yangu wa pili ana miaka kumi, anasoma chuo kwa mwalimu kijana aliyetoka Tanga, mkali sana kwa tajwidi, yaani matamshi sahihi ya Qur'ani. Siku ambazo sitoki baharini huwa naswalisha Magharibi nyumbani. Juzijuzi nimemaliza kutoa salamu tu, mtoto akasema mbele ya mama yake na wadogo zake: "Baba, Alhamdu unaikosea. Ile haa siyo hiyo." Nikamwambia anyamaze, mimi nilianza kuswali yeye hajawa hata tone. Tangu siku hiyo sijaswalisha tena. Naenda msikitini, nyumbani kila mtu anaswali kivyake. Mtoto naye hasomi kwa sauti nikiwapo. Mke wangu hasemi kitu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nina maswali mawili. Mtoto anayemkosoa baba yake katika dini ana adabu? Na swala zangu za miaka yote hii zimekwenda bure?
*Mvuvi, Mchinga*

Waaleikum salaam, marahaba mwanangu.

Nianze na la pili, maana ndilo linalokunyima usingizi ingawa umeliweka mwisho. Sisi wa pwani hii ni Mashafii, na kwa Imamu Shafii Alhamdu, sura ya kwanza ya Qur'ani, ni nguzo ya swala, kwa hiyo mtoto hakushika jambo dogo. Lakini nguzo hiyo anadaiwa mwenye kuiweza. Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake, ndivyo Sura ya Baqara inavyomalizia. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema anayeisoma Qur'ani kwa kubabaika, ikamwia nzito, ana ujira mara mbili. Wewe ulisoma ulivyosomeshwa. Nenda kwa sheikh wako, msomee uso kwa uso, akusikie, akwambie kosa lako ni la namna gani. Yapo makosa yanayogeuza maana, na yapo yanayochubua matamshi tu. Jambo la masikio halihukumiwi kwa barua.

Ulivyosomeshwa najua, kwa kuwa nami nimesoma vivyo hivyo. Watoto chungu nzima kwenye jamvi, juzuu chache zilizochakaa, mwalimu anatamka na sote tunaitikia kwa sauti moja, mikono ikisuka ukili wa mwalimu, na anayekosea huko nyuma hasikiki. Tulihitimu kwa masikio. Wavulana wengi hawakufika hata kuhitimu: mabega yalipoanza kuweza kuvuta jarife tu, nafasi zao jamvini zikabaki wazi. Binti yako anasoma mmoja mmoja, mbele ya mwalimu, anaoneshwa herufi ipi inatoka kooni na ipi inatoka ncha ya ulimi. Hajakuzidi akili. Amempata mwalimu ambaye wewe hukumpata, na ada ya mwalimu huyo, kama sikosei, inatoka kwenye samaki wako.

Sasa adabu. Katika Sahihi ya Bukhari, mkusanyo wa hadithi za Mtume, kuna kisa cha Amr bin Salama. Watu wa kabila lake walikaa penye maji, njia ya misafara. Wapita njia walikuwa wakisimulia habari za Mtume na yaliyoteremshwa, na yule mtoto akawa anayadaka maneno na kuyaweka moyoni. Makka ilipofunguliwa, kabila lile likasilimu. Baba yake akaenda kwa Mtume, akarudi na agizo: awaswalishe yule mwenye Qur'ani nyingi kuliko wenzake. Wakatazamana, wakatafuta, hawakumpata aliyemzidi mtoto huyo. Alikuwa na miaka sita au saba. Wakamtanguliza. Wanaume wazima wamejipanga nyuma, yeye yuko mbele na nguo yake fupi, na kila akisujudu nguo inampanda, mpaka mwanamke mmoja akapaza sauti: hivi hamumfuniki huyo msomaji wenu? Wakanunua kitambaa, wakamshonea kanzu. Amr anasema hakuna kitu alichowahi kukifurahia kama kanzu ile.

Nakipenda kisa hiki kwa ajili ya kanzu. Wale watu hawakumnyamazisha mtoto eti kwa kuwa amewaonesha upungufu wao. Walichukua alichonacho, wakatazama alichokosa, wakampa.

Na katika Sura Maryam, aya ya 43, Ibrahimu anamwambia baba yake kwamba imemfikia elimu isiyomfikia yeye. Maneno mazito hayo kumwambia mzazi. Lakini tazama anavyoyaanza: "Ewe baba yangu." Anarudia, na anarudia tena, mara nne mfululizo kutoka aya ya 42 hadi ya 45. Hapo ndipo penye kazi yako. Kosa la binti yako, kama lipo, ni kusema mbele ya wadogo zake wakati angeweza kungoja mkiwa wawili. Mfunze hilo, lakini baada ya kumwambia kwanza: "Ulisema kweli." Na umwambie mbele ya wale wale waliokuwapo. Ukimwita uani ukamnong'oneza, atashika kwamba ukweli wa dini ni wa kunong'onwa.

Kisha kaa naye. Usiku ambao hutoki, baada ya Isha, Alhamdu peke yake, msiguse sura nyingine. Haa ya "alhamdu" inatoka katikati ya koo. Hapa chuoni huwaambia watoto watoe pumzi kama mtu aliyetafuna pilipili kichaa. Weka kiganja mbele ya mdomo, utaisikia inavyopita kwa kukwaruza. Wewe, nakisia, unatoa ile haa ya "hapa" na "huyu" tuliyozaliwa nayo, ambayo ni nyepesi na inatoka chini zaidi. Nimewafundisha watu wazima wengi herufi hii moja, na wote hucheka kwanza kabla hawajaipata. Cheka na wewe. Usipoipata wiki ya kwanza, usimkaripie mwalimu wako.

Nawe unalo la kumfundisha. Mnaposukuma chombo majini mnasema *Bismillahi majraha wa mursaha*. Maneno hayo, nadhani, uliyapokea mdomoni mwa baba yako, miguu ikiwa ndani ya maji. Mwambie binti afungue Sura Hud, aya ya 41, akusomee: ni ya Nuhu akiwapandisha watu chomboni. Halafu wewe umsimulie yanavyotamkwa saa nane za usiku, kusi imechachamaa na taa ya mwenzako huioni tena. Mwalimu wa Tanga hana hilo. Wala msiishie aya ya 41. Endeleeni na mbili zinazofuata, pale Nuhu anapomwita mwanawe, "Ewe mwanangu, panda pamoja nasi," na mwana anakataa, anasema atakimbilia mlimani. Mtume aliyekaa na watu wake miaka elfu kasoro hamsini, na mwanawe hakupanda. Wewe umepewa binti anayekuita upande, unamwambia anyamaze.

Na mkeo anayenyamaza, muulize. Huenda naye ana herufi zake.

Bibi, shikamoo. Mwanangu wa miaka mitatu haniachi niswali. Nikisujudu ananipanda mgongoni, nikisimama anavuta khanga. Mama mkwe anasema nimfungie chumbani mpaka nimalize.
*Mama Kijana, Kilwa Masoko*

Marahaba. Usimfungie. Mtume aliswalisha watu huku amembeba mjukuu wake Umama, binti wa Zainab. Akisujudu anamweka chini, akisimama anamchukua tena. Siku nyingine alirefusha sijda mpaka masahaba wakadhani kuna jambo limetokea, kumbe mjukuu amempanda mgongoni, naye hakutaka kumharakisha. Kumwamrisha mtoto swala kunaanza miaka saba. Huyu wako ana mitatu, hana deni. Mtandikie kipande chake cha mkeka pembeni yako, ajue ni chake. Atasujudu akielekea popote, mwache tu, kibla atakifahamu mbele ya safari. Mama mkwe aambiwe kwa upole, na aambiwe na mumeo, si wewe.

Bibi, shikamoo. Mimi ni Mkatoliki, naishi Mtwara mjini, kwetu ni Newala. Kila mwaka ikifika wiki ya Pasaka tunasimuliana jumuiyani jinsi Mungu alivyotuepusha na kimbunga Kenneth mwaka 2019. Tulisali rozari mchana kutwa, na kimbunga kikaenda Msumbiji. Safari hii binti yangu wa miaka 12, ambaye wakati ule alikuwa hata shule hajaanza, akanyoosha mkono akauliza: "Kwa hiyo bibi wa Mueda hakusali?" Mama yangu ana dada yake aliyeolewa Mueda, na wana ndugu wengine Macomia. Watu wakakaa kimya. Mama mmoja akasema siku hizi shetani anaingilia watoto. Katekista akaanzisha wimbo. Tulipofika nyumbani mtoto akaniuliza tena, nikakosa la kusema. Naogopa imani yake inapotea. Na kusema kweli, Bibi, tangu aulize, hata mimi siwezi kuisimulia habari ile kama zamani.
*Mama Mwenye Swali, Mtwara*

Marahaba, mwanangu. Imani ya mtoto huyu ipo mahali pake. Asiyeamini asingejali nani alisali na nani hakusali.

Siku ile naikumbuka. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 25 Aprili, ninyi mko ndani ya oktava ya Pasaka, sisi tuko Shaabani tunaungoja mwezi. Kimbunga Idai kilikuwa kimeipiga Beira ya Msumbiji mwezi Machi, na picha zake kila mtu alikuwa nazo kwenye simu, kwa hiyo Mamlaka ya Hali ya Hewa iliposema safari hii ni zamu ya Mtwara na Lindi kukaa macho, hakuna aliyehitaji kuelezwa kimbunga ni kitu gani. Maduka yakafungwa, watoto wakarudi nyumbani, waliokaa mabondeni na ufukweni wakaambiwa wahame. Mimi jirani yangu alikuja na kuku wake wote ndani ya tenga, godoro kasahau. Tulisoma Yasini na kila dua tuliyoijua. Ninyi mkawa na rozari. Jioni kimbunga kikapiga Cabo Delgado. Msumbiji walikufa watu zaidi ya 40, na kisiwa cha Ibo na Macomia kwenu huko paliharibika vibaya.

Sasa mtoto anasema: tupangeni hesabu. Na hesabu yake ni sahihi. Wamakonde ni haohao, ng'ambo hii ya Ruvuma na ile. Ibo ina misikiti na ina kanisa. Waliomba. Tena waliomba maneno yaleyale, rozari ileile na Yasini ileile.

Mimi naongeza jingine ambalo binti yako hawezi kulijua. Aprili ya mwaka 1952 kimbunga kiliipiga Lindi yenyewe. Wazee wa Lindi wa wakati ule hawakuwa na upungufu wa dua, ule ni mji ambao dhikri za tarika ya Kadiria zimesikika tangu enzi ya Mjerumani. Basi tukipima sala za watu kwa njia iliyopita upepo, itabidi tuseme babu zetu walisali vibaya mwaka 1952 na sisi tukasali vizuri mwaka 2019. Nimewaona wazee wale walivyosali. Na nimetuona sisi. Siwezi kutia sahihi hapo.

Injili yenu imelisema waziwazi, na masista walitufanya tuisome mpaka tukaishika. Luka, sura ya 13. Mnara wa Siloamu uliwaangukia watu kumi na wanane, wakafa. Yesu akawauliza waliokuwa wakimsikiliza: mwadhani wale walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu? Akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Kwa hiyo swali la binti yako Yesu amekwisha kuliuliza, tena hadharani. Rudi nyuma kidogo katika kitabu hichohicho, sura ya 2, utamkuta yeye mwenyewe ana miaka 12, umri wa mwanao, ameketi hekaluni katikati ya walimu, anawasikiliza na kuwauliza maswali. Haikuandikwa kwamba kuna mwalimu aliyesema shetani anaingilia watoto. Wala haikuandikwa kwamba walianzisha wimbo.

Yule mama wa shetani simlaumu sana. Amesema kwa hofu. Habari hii kwake ni ukuta wa nyumba, na mtoto amegonga akasikia mahali pana uwazi. Katekista ndiye ninayemdai zaidi. Angesema tu, "Mwanangu, swali lako tutalijadili wiki ijayo," watu wangerudi nyumbani wakifikiri, na kufikiri ni nusu ya kusali.

Kwa binti, sema hivi kwa maneno yako. Tuliogopa, tukasali. Upepo haukutufikia, tukashukuru, na tunaendelea kushukuru. Kwamba ulikwenda kwa bibi yako wa Mueda si kwa sababu yeye ni mbaya kutuzidi, wala hatukumwomba Mungu ampelekee yeye. Hapo kaa kimya umsikilize, maana ataleta swali la pili, na la pili ndilo lake hasa. Usikimbilie kulijibu. Watoto wa umri huu hawataki kila kitu kijibiwe, wanataka waone kama swali lao linakutisha.

Katika dini yetu ipo dua ya upepo mkali. Mtume alikuwa akimwomba Mungu kheri ya upepo na kheri ya kile uliotumwa nacho, na kujikinga na shari yake. Na mvua ilipozidi Madina aliomba inyeshe pembezoni, milimani, mabondeni na kwenye maoteo ya miti. Hakutaja mji wa mtu. Nimeanza kuwafafanulia watoto wangu hapa barazani jambo hilo kwa sababu ya barua yako.

Kisha masimulizi yenu ya Pasaka msiyaache. Yaongezeni. Kabla ya mwakani mpigie simu bibi wa Mueda, yeye au wanawe, akusimulie siku ile alikuwa wapi, paa lilibaki au liliondoka, walikula nini siku zilizofuata, walisali nini. Binti ndiye amuulize na aandike kwenye daftari, kwa sababu swali ni lake. Zamu yenu ya kusimulia ikifika, habari ya Mtwara isimuliwe na ya Mueda isimuliwe, zikae pamoja. Na nia za sala siku hiyo azisome yeye. Watakaoguna, waache wagune.

Jambo moja zaidi. Jioni moja niliwauliza watoto wa chuo swali la binti yako, bila kusema limetoka wapi. Wakubwa wakaanza kunitajia dhambi za watu wa Msumbiji ambao hawajawahi hata kuwaona. Hayo wameyaokota kwetu sisi wazazi. Mvulana mmoja wa miaka minane, ambaye kwa kawaida anachokumbuka ni saa ya kutoka tu, akasema: "Labda wao walikuwa wanatuombea sisi." Nikawaambia wafungue juzuu, maana sikuwa na la kuongeza. Mpelekee binti yako.

Bibi, shikamoo. Mimi ni Mwanglikana, kwetu ni Tukuyu, nimeoa Masasi na ndiko tunakoishi. Mke wangu ni Mmakua. Shemeji yangu anataka mwanangu wa miaka tisa aingie jando mwezi Desemba. Anasema mtoto ni wa kwao na ndiyo yangu haihitajiki. Kwetu hakuna jando. Naogopa atafundishwa mambo yasiyopatana na imani tunayomlea nayo.
*Baba wa Kuja, Masasi*

Marahaba. Shemeji yako amekosea kusema ndiyo yako haihitajiki, na nitakuja hapo. Lakini nawe ujue umeoa wapi. Kwa Wamakua, kama kwa Wayao, Wamakonde na Wamwera, ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba ana sauti ambayo kwenu Tukuyu hana. Hiyo uliioa pamoja na mkeo, ingawa siku ya mahari hakuna aliyekusomea.

Hofu yako si ngeni hapo Masasi. Wamisheni wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, walifika mwaka 1876, na jando likawashughulisha kwa muda mrefu, walikatae au walikubali. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia mwaka 1926, alishika njia ya kuliingiza Kanisani: jando likabaki na wazee wake na mafundisho yake ya heshima, yakaondolewa yaliyopingana na Ukristo, zikaingia sala. Wapo waliompinga, wa pande zote mbili. Lakini kanisa lako mwenyewe, hapo hapo ulipo, lilikwisha kuketi na swali hili kabla baba yako hajazaliwa. Kabla hujagombana na shemeji, nenda kwa padri umuulize siku hizi wanafanyaje. Sisi Waislamu nasi tuna dua zetu na maulidi yetu, na ngoma ipo palepale nje.

Halafu kaa na shemeji yako na useme yako. Kutahiri kufanywe na mtu wa hospitali kwa vifaa safi, hapo usilegeze hata kidogo. Mtoto asikose hata siku moja ya masomo. Na uambiwe kungwi wake ni nani, umjue kwa sura, ule naye. Ukishamjua kungwi umelijua jando, mengine ni moshi. Mtu akikuficha jina la kungwi, hapo ndiyo yako inahitajika, nawe uinyime.

Akirudi, usimhoji kama polisi. Yapo aliyoambiwa asiseme, na ukimlazimisha kuyasema unamfundisha kuvunja ahadi, nadhani hilo halimo katika imani unayomlea nayo. Mwombe wimbo mmoja anaoruhusiwa kuuimba mbele yako, akufundishe na akueleze maana yake kwa Kimakua. Nahisi miaka yote hiyo ukweni lugha hiyo bado inakupiga chenga, na mwalimu wa miaka tisa hana dharau kama wa miaka hamsini. Usishangae ukikuta nusu ya wimbo ni kuheshimu wazee na kutokula bila kumbakishia mgeni, mambo ambayo umekuwa ukimhubiria kila Jumapili naye akiangalia dirishani.

Nawe mpe cha kwenda nacho. Sala moja fupi kwa Kinyakyusa, ile uliyoisikia kwa mama yako. Mfundishe sasa, si usiku wa kuamkia kuondoka. Na mpigie shemeji simu wiki hii, kwa sababu maandalizi ya Desemba hayaanzi Desemba, na mchango wa mchele haungoji baba amalize kufikiri.